Jaketi la Mume Wangu Mgongoni mwa Mpishi

Jaketi la mume wangu nililiona tena miezi kumi na moja baada ya kumzika, na lilikuwa limevaliwa na mwanamke. Ilikuwa asubuhi, hapa Kitale, kule sokoni wanakouza mitumba. Mwanamke huyo alikuwa amesimama akinisubiri, mikono mifukoni. Alipoinua mmoja kunipungia, nikaona kiraka kwenye kiwiko. Kiraka hicho nilikishona mimi, kwa kitambaa cheusi cha mwavuli uliovunjika, na uzi ulikuwa wa buluu kwa sababu mweusi uliniishia siku hiyo.

Nilimsalimia kwa heshima. Ndani yangu nilitaka kumvua.

Mume wangu alikuwa mbeba mizigo wa Mlima Elgon, pota, kama wenyewe wanavyojiita. Tuliishi Matisi, chumba cha kupanga, mimi nikiuza mboga za sukuma na dagaa wa omena kando ya barabara. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiondoka siku nne au tano, anarudi miguu imevimba, analala, anaondoka tena. Jaketi alipewa na mgeni mmoja aliyemaliza kupanda na hakutaka kurudi nalo kwao. Nje lilikuwa rangi ya majani makavu, ndani rangi ya chungwa, nene kama godoro la mtoto. Alilipenda. Hata Krismasi, tulipoenda kwao Matulo na jua likiwaka, alilivaa ili ndugu zake walione.

Msimu wa mvua akaugua kifua. Alilazwa wiki mbili na hakutoka akiwa hai. Tulimzika Matulo.

Katika ukoo wao, siku ya tatu baada ya mazishi watu wananyolewa nywele, kisha nguo za marehemu zinagawanywa. Zinatandazwa zote kwenye mkeka uani, na mtoto wa dada wa marehemu ndiye anayetangulia kuchagua. Mjane hachagui. Anakaa mlangoni na kutazama.

Nguo hizo nilizileta mimi mwenyewe kutoka Matisi, ndani ya gunia. Hakuna aliyetumwa kuja kuzihesabu. Ningeweza kuliacha jaketi juu ya msumari wake na kufunga mlango, na siku ile nilisimama nalo chumbani muda mrefu nikiliwaza jambo hilo. Niliogopa. Mjane akificha nguo, watu wanasema hajamwachilia mumewe aende, na likitokea neno lolote baadaye, mtoto akiugua au ng'ombe akifa, watamtazama yeye. Isitoshe, wote walikuwa wameliona jaketi hilo Krismasi. Basi nikalitia guniani. Na kwa kuwa niliona aibu kwamba nimewaza kulificha, nililiweka juu kabisa, mahali litakapoonekana kwanza.

Lilionekana kwanza. Mpwa wake, mtu mzima mwenye kazi ya gereji mjini Bungoma, alilichukua bila kutazama kitu kingine. Akalivaa palepale, akageuka huku na huku, na mama zake wadogo wakasema limemkaa kama mjomba. Halikumkaa kama mjomba. Mabega yake ni membamba. Baada ya muda nilisikia kwamba Bungoma ni joto, jaketi linamsumbua, ameliuza. Sikuuliza kwa nani. Nilijua nikiuliza nitaonekana mjane mwenye tamaa.

Ilipokaribia kutimia mwaka, wanaume wawili waliokuwa wakibeba mizigo pamoja naye walikuja Matisi. Walikaa kwenye vigoda vyangu, kofia magotini, wakaniambia kwamba wangependa kunipandisha mlimani, siyo kileleni, mpaka pango ambamo Mzee, ndivyo walivyomwita mume wangu, alikuwa akipumzika. Tutasali pale, wakasema, na mimi nitaona alikokuwa anaenda siku zote hizo. Niliwaambia sina nguo za baridi. Wakatazamana. Mmoja akasema kununua nguo za mwanamke ni kazi wasiyoiweza, lakini watamwambia mpishi wao aje anisaidie kuchagua jaketi.

Mpishi. Mume wangu alinitajia mpishi mara nyingi. Mpishi amefanya hivi, mpishi amesema vile. Kwa miaka kumi na miwili mimi nilijua mpishi ni mwanamume. Sikuuliza na hakusema.

Sasa alikuwa mbele yangu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mashavu ya miguu yamejaa kama ya mkimbiaji, na jaketi la mume wangu limemkaa mabegani bila kubana wala kuning'inia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mpwa lilimkataa, na huyu lilimkubali.

Alinipa pole, akaniita mama. Mimi nikamwita dada. Sikutaja jaketi na yeye hakulitaja, na nilimhesabia kutolitaja huko kama kosa.

Tukaingia kati ya vibanda. Lazima niseme ukweli: alijua kazi yake. Alilichukua jaketi la kwanza, akalikunja kwenye ngumi, akaliachia. "Ona mama. Ikirudi haraka, bado iko na uhai. Ikibaki imekunjamana hivi, hiyo imekufa, hata ukivaa tatu." Alilirudisha, akachukua lingine, akaliinua kuelekea jua mpaka nikaona mle ndani sehemu nyembamba ambako pamba ilikuwa imeteremka na kuacha kitambaa kitupu. Baridi itapita hapo, akasema, kama maji kwenye paa lililotoboka. La tatu akaliweka mdomoni na kulipuliza, kiganja chake kikiwa upande wa pili. Akanipa na mimi nipulize. Pumzi yangu ilipita.

"Pumzi ikipita, na upepo unapita," akasema. "Ule upepo wa juu si huu wa Matisi."

Alinifundisha kutazama kama nyuma ya zipu kuna ukanda wa kitambaa wa kuzuia upepo, kama mikono ina lastiki, kama kofia inaingia juu ya kitambaa cha kichwani. Alikuwa amekuja na sweta mbili ndani ya mfuko, akanivisha zote kwanza ndipo nijaribu jaketi, kisha akanichuchumaza mbele ya watu na kunitaka ninyooshe mikono juu. Mgongo ukionekana, halifai. Wauzaji walicheka. Kijana mmoja akaniuliza, mathe, unaenda kuchimba viazi ama kupigana? Mpishi akamjibu kwamba naenda mahali ambapo yeye angemlilia mamake baada ya dakika kumi.

Mimi pia nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba niko na huyu, na nikaacha.

Mwishowe alipata moja alilolikubali. Lilikuwa la kijivu, la mwanamume, lenye doa la mafuta kifuani, zito kidogo. Alilifinya, akalipuliza, akavuta zipu mara tatu. Ndani kuna ile pamba ya nailoni, akasema, hii hata ikilowa inakupa joto. Ni kama hii yangu.

Kama hii yangu. Alisema hivyo, akajigusa kifuani.

Kwenye kibanda cha jirani kulikuwa na jaketi jekundu, jepesi kama mkate wa boflo, limegawanyika vyumba vyumba. Nikalichukua. Nilipotia mkono ndani, joto lilinijia mara moja, kama nimeingiza mkono chini ya kuku anayeatamia. Muuzaji, yule yule kijana wa viazi, akaniambia hiyo ni manyoya ya bata, mathe, hiyo unalala nayo kwa friji na unaamka ukijipepea.

Mpishi alitikisa kichwa. "Ni nzuri, sikatai. Lakini hiyo ni ya mahali pakavu. Huu mlima wetu unanyesha saa yoyote, na manyoya yakilowa yanashikana, inakuwa kama shuka. Chukua hii ya kijivu mama."

Nikamwambia nalitaka jekundu.

"Sawa, lakini hata Mzee alikuwa anasema—"

"Nalitaka hili."

Sikutaka kujua Mzee alikuwa anasema nini. Nililipa, nikalikumbatia jaketi langu jekundu, na moyoni nikajiambia nimechagua mwenyewe. Nilichagua kwa sababu yeye alikataa. Nilijua hivyo pale pale, siyo baadaye.

Kabla ya kuachana alininunulia chai kwenye kibanda cha mama mmoja pale nje. Akamwambia mwenye kibanda yangu iwe na sukari, yake isiwe nayo, kisha akanigeukia akitabasamu: yeye na Mzee ndio walikuwa wawili tu wasiotumia sukari kule juu. Wengine waliwacheka.

Kwangu mume wangu alikunywa chai ya vijiko vitatu. Nilimtilia mimi mwenyewe, kila asubuhi aliyokuwa nyumbani. Nilikoroga chai yangu mpaka ikapoa, na sikumwambia mpishi jambo hilo. Lingekuwa kama kumpa kitu kingine cha mume wangu.

Wiki iliyofuata tulipanda. Gari lilituacha kwenye lango la hifadhi ya mlima, mbele ya Endebess, tukaanza kutembea: wale wanaume wawili, mpishi na mimi. Tulipita msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi, tukalala kambini, kesho yake tukatokea mahali pa wazi, majani marefu yamelala upande mmoja na mimea ya ajabu imesimama kama watu waliovaa kabichi kichwani. Jua lilikuwepo. Nilikuwa na joto zuri ndani ya jaketi jekundu, na nilitembea nyuma ya mpishi nikitazama kile kiraka cha mwavuli kikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Alikuwa akinionyesha mambo. Hapa Mzee aliteleza na mfuko wa unga, wakala ugali wenye mchanga. Hapa alipenda kusimama kukojoa na kutazama Uganda. Wanaume walicheka, na mmoja akaongeza chake. Nilikuwa kama mgeni katika matanga ya mtu ambaye wengine wanamjua.

Nilitaka mambo mawili. Nilitaka jaketi lirudi kwangu, na nilitaka mwanamke yule awe hajawahi kumjua.

Mvua ilitukuta mchana, kabla ya pango. Kwanza ilikuwa manyunyu, kisha mvua ya mawe, ndogo ndogo kama njugu mawe, inapiga usoni. Kwa muda jaketi langu lilivumilia. Halafu nikahisi upande mmoja wa mgongo umeingia baridi, kisha bega. Nilipolishika upande wa chini nikakuta manyoya yameshuka na kushikana mabonge, kama unga ulioingia maji. Kifuani palikuwa na kitambaa kitupu tu, kimeninata. Nikaanza kutetemeka. Mwanzoni nilijizuia ili asione. Baadaye sikuweza kujizuia, na baadaye zaidi kutetemeka kukaacha kwenyewe, nikataka kukaa chini nilale.

Mpishi alinigeukia, akanitazama midomo. Hakuuliza. Alinivua jekundu kama mtu anavyomvua mtoto, akavua lake, akanivisha. Nikasukuma mkono wake.

"Vaa," akasema. "Chuki yako tutaiongea chini. Hapa vaa."

Kwa hiyo alijua. Alivuta zipu mpaka kidevuni kwangu, akavaa koti la mvua la mwenzake juu ya sweta zake, akanishika mkono mpaka pangoni.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimejiahidi kutodanganya hapa. Nilipokaa kwenye ukuta wa pango, wakiwasha jiko, niliingiza pua ndani ya ukosi. Nilimtafuta. Nilinusa kwapani, nilinusa mkono, nilinusa kiraka changu. Palikuwa na mafuta ya taa, kitunguu, mafuta ya nywele ya mwanamke. Chini kabisa ya hayo nadhani kulikuwa na kitu kingine, jasho la zamani, lakini sikuweza kukitenganisha na yeye. Nilikuwa na joto na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilitoka kwenye jaketi lile.

Tulisali. Mmoja wa wanaume aliomba vizuri. Nilimuuliza mpishi, wakati wengine wametoka kuchota maji, alilipata wapi. Alisema alilikuta limening'inizwa kibandani Kitale, lake lilikuwa limeungua na jiko, akalinunua.

"Ulijua ni lake?"

"Nilijua."

"Na hukuona vibaya kulivaa?"

"Ilikuwa nzuri mama. Na ilikuwa bei ya chini."

Sikumwamini. Niliona anaficha kitu kikubwa nyuma ya maneno madogo, kama ambavyo mimi ningefanya.

Tuliposhuka mpaka Endebess siku ya pili, bado nilikuwa nimelivaa. Alikuwa akikohoa. Aliniambia nitamletea tukipatana mjini, akaingia njia yake. Sikumpelekea. Kulikuwa na ule msumari mtupu ukutani kwangu, nikalitundika, nikalala nikilitazama. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Alinipigia simu mara moja, sikushika.

Jambo ambalo najuta ni hili. Siku moja niliamua kulifua. Nilitaka kumtoa yule mwanamke humo ndani. Nilichukua beseni, sabuni ya unga, maji ya moto, nikalisugua ukosi na kwapa na kile kiraka. Maji yakawa meusi, nikamwaga, nikatia mengine, yakawa ya kahawia. Nilisugua kwa nguvu mpaka jirani akauliza kama nafua jaketi ama naliadhibu. Katikati ya maji ya tatu mikono yangu ikasimama. Nilikuwa nimeelewa kwamba siwezi kumtoa mmoja nikamwacha mwingine. Chochote cha mume wangu kilichokuwa kimebaki mle, nilikuwa nimekimwaga mtaroni Matisi dakika chache zilizopita.

Lilipokauka lilikuwa na harufu ya sabuni. Nguo ya duka.

Mwezi wa kumi nilikutana na mmoja wa wale wanaume barabarani. Aliniambia mpishi amepanda mara mbili na sweta na blanketi alilolifunga kwa pini, na amerudi kwa mamake, huko Naitiri, kusaidia mavuno, kifua kinamsumbua. Kifua. Alisema neno hilo bila kuwaza, lakini mimi nilirudi nyumbani na omena wangu bila kuwauza.

Kesho yake nilienda sokoni. Nilitafuta kutwa nzima. Nilifinya, nikaachia. Niliinua kuelekea jua. Nilipuliza mpaka kizunguzungu kikanishika, na yule kijana akaniuliza, mathe, leo unanunua ama unapiga tarumbeta? Nilivaa sweta mbili nikachuchumaa mwenyewe, kisha nikakumbuka mabega yake si yangu, nikamwomba dada mmoja aliyekuwa na mwili kama wake anijaribie. Nilipata la kijani kibichi, pamba ya nailoni, ukanda nyuma ya zipu, lastiki mikononi, bila doa. Lilikuwa bora kuliko lile la kijivu na bora kuliko la mume wangu. Ndani ya mfuko mmoja nilitia hilo jipya, na ndani ya mwingine la mume wangu, kwa sababu nilikusudia kumpa achague. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia: chukua moja. Na akichukua la mume wangu, nitajua walikuwa na jambo.

Nilimkuta Naitiri uani kwa mamake, wamekalia magunia wakipukuchua mahindi. Alinikaribisha bila kuuliza nilikokuwa. Nikatoa majaketi yote mawili nikayaweka juu ya mkeka mbele yake, na maneno niliyopanga yakanipotea. Nilisema tu kwamba moja ni lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa la kijani. Alilikunja kwenye ngumi, akaliachia, akalipuliza. Akalivaa kwenye jua lile kali la saa sita, akachuchumaa, akanyoosha mikono juu, mamake akicheka.

"Hii imeshinda ile mbali sana," akasema. "Umeichagua wewe? Umejua kuchagua mama."

Nikamuuliza kama halitaki lile lingine. Nilimwonyesha kwa kidole, kama angekuwa hajaliona.

"Ile ilikuwa imechoka. Weka, ni ya bwanako." Alikuwa akivuta zipu juu na chini. Kisha akanitazama vizuri, akakaa. "Mzee nilimlilia mama, usidhani sikumlilia. Wiki mbili nilikuwa nalia nikikata vitunguu, watu wanadhani ni vitunguu. Halafu wageni wakaja, tukapanda."

Nilikuwa nimetaka akatae. Nilikuwa nimetaka alishike jaketi lile na alie, ili nijue kwamba nilichokuwa nikikiogopa kilikuwepo, na kwamba nimemshinda. Hakukuwa na mtu wa kumshinda. Nilivuta gunia nikakaa, nikachukua gunzi, nikawasaidia kupukuchua mpaka saa kumi. Kila nilipoinua macho nilimwona amevaa kijani chake, jasho linamtoka na hataki kukivua, na bado nilimwonea wivu, sasa kwa jambo moja tu, kwamba yeye alikuwa amemaliza kulia.